Firigisi kwa Milimita Mia Tatu

Usiku wa jana niliota nimeingia dukani kutafuta lenzi ya kuvuta, ndefu lakini ya bei nafuu, na aliyenihudumia alikuwa kuku mweupe aliyevaa miwani. Nilimtambua mara moja. Sikusema kitu, kwa sababu wiki tatu zilizopita nilikuwa nimekula paja lake nyumbani kwa mama mkwe wangu.

Afadhali nieleze aibu yangu mapema, maana ndoto yenyewe haikuningoja.

Naitwa Makokha. Nauza dawa za mifugo hapa Kitale, na siku za mapumziko napiga picha. Picha ninazozipenda ni zile ambazo mtu hajui anapigwa. Mtu akijua, anakaza shingo na kukunja midomo, unabaki na picha ya kitambulisho. Kwa hiyo wageni walipoleta mahari ya Nafula, mdogo wake mke wangu, niliazima lenzi ya rafiki yangu Injendi, ya milimita mia tatu, nene kama chupa ya chai. Nikakaa ndani ya hema la wageni, nikaielekeza nyuma ya jikoni, mbali kama hatua sitini. Pale nikamwona Mama Felista, mama mkwe wangu, amejikunyata kando ya rundo la kuni, kitambaa cha kichwa kimemwangukia shingoni. Alikuwa anakula firigisi.

Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba. Mwanamke huipika, huiweka juu ya sahani ionekane, humpelekea mwanamume, basi. Tena kwetu mkwe hamkaribii mama mkwe wake. Hatupeani mkono, hatuli chumba kimoja, na tukikutana njiani mmoja huingia kwenye majani kumpisha mwenzake. Nikienda kumsalimia Mama Felista, mimi husimama uani karibu na kamba ya nguo, macho chini, naye hubaki mlangoni, tukaulizana habari za mvua. Nina miaka tisa katika ukoo ule na sikuwahi kumwona akitafuna. Siku ile lenzi ilinisogeza mpaka nikaona kovu kwenye dole gumba lake la kulia, limekatiza upande wa ndani kwa mshazari kutoka ncha hadi kiungo.

Nikabonyeza. Siku iliyofuata nikatuma picha za sherehe kwenye kundi la WhatsApp la familia, na hiyo ikiwemo. Watu walicheka siku mbili. Mjomba mmoja akaandika kwamba boma sasa limepata mwenyewe. Mama Felista akaacha kwenda kanisani, akaacha kwenda kwenye chama cha akina mama, kisha akasema hata harusi ya Nafula, ambayo ni Jumamosi hii, hatakanyaga.

Mimi nilisema picha iliniponyoka. Nilimwambia hivyo mke wangu, Naliaka, nikawaambia shemeji zangu, nikamwambia kila aliyeuliza na wawili ambao hawakuuliza. Halafu, badala ya kwenda kusimama pale kwenye kamba ya nguo nikaomba radhi, nikaanza kutafuta lenzi yangu mwenyewe. Kila jioni nilikuwa kwenye simu nikilinganisha hii na ile. Ya Injendi ilikuwa bado juu ya kabati la chumbani, na mfuniko wake usoni, tangu siku ile.

Basi, yule kuku.

"Karibu," anasema. "Unataka kupiga nini?"

"Watu," nasema. "Wasiojua."

"Wasiojua nini?"

"Kwamba napiga."

Anaandika kwenye daftari. Kila akijisogeza nasikia kokoto zikigongana tumboni mwake, na anaona kwamba nimesikia.

"Utusamehe kwa kelele," anasema. "Siku hizi hakuna kinachozisaga."

Natazama pembeni. Duka ni lile lile ninalofanyia kazi, na hata kalenda ya chanjo ya mbuzi iko mahali pake, ila kwenye rafu za dawa za minyoo zimeketi lenzi, fupi mbele na ndefu nyuma, zimetulia kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa. Ile ya mbele kabisa, fupi kuliko zote, inainua uso.

"Mimi ni milimita hamsini," inasema. "Sivuti. Ukitaka mtu aonekane mkubwa, unamwendea."

"Natafuta ndefu," nasema.

"Najua," inasema, na inageukia ukutani.

Namuuliza kuku bei. Ananiambia bei ni hatua. Lenzi ya mia mbili ni hatua thelathini, ya mia tatu ni sitini, na ile ya nyuma kabisa, iliyovaa koti, bei yake huambiwa mteja akiwa ameketi.

"Hatua gani?"

"Zile ambazo ungezitembea kumfikia mtu," anasema. "Lenzi inakupunguzia, sisi tunazichukua. Ukilipa sitini leo, kila utakayemwendea utamkosa kwa hatua sitini."

"Hata mke wangu?"

Anapekua daftari. "Anahesabiwa kuwa mtu, ndiyo."

Nasema nataka ya bei nafuu. Nalisema kwa sauti ya chini, maana kuna wateja wengine, ingawa wateja wenyewe ni ng'ombe watatu niliowauzia dawa mwezi wa sita na wao pia wanajifanya hawanijui. Kuku anapanda kwenye kiti, anashusha lenzi moja nyeusi iliyochakaa, imefungwa kwa gazeti. Anaipangusa kwa bawa. Lenzi inakohoa.

"Mimi ni mtumba," inasema. "Sabini hadi mia tatu. Nikuambie ukweli kabla hujanishika. Nikinyooka mpaka mwisho, nafifia. Natamani jua. Kwenye kivuli sikufai kitu."

"Kivulini huwa naongeza mwanga baadaye," nasema.

Duka zima linanyamaza. Kuku anaandika hilo pia.

"Tena sina kifaa cha kutuliza," lenzi inaendelea. "Ghali zinacho. Ukiishika ghali huku unatetemeka, picha inatulia. Ukinishika mimi unatetemeka, kila kitu kinatetemeka."

"Mikono yangu haitetemeki."

"Ni mapema," inasema lenzi.

Kuku ananiambia nijaribu kabla ya kulipa. Ni sheria ya duka. Naifunga kwenye kamera yangu, natazama nje ya mlango. Ng'ambo ya barabara kuna kinyozi anamnyoa mtu. Nazungusha pete ya kuvuta, naye kinyozi anakuja. Anakuja kweli, yeye na kiti na kioo na mteja aliyenyolewa upande mmoja, wanavuka barabara kwa kuteleza, wanasimama mbele ya pua yangu. Kioo kinaning'inia bila ukuta.

"Turudishe," anasema kinyozi. "Nina foleni."

Nazungusha pete upande wa pili. Hawaendi.

"Hiyo inavuta tu," anasema kuku. "Kurudisha ni lenzi nyingine, na hatujawahi kuletewa."

Kinyozi anaendelea kunyoa. Nywele zinaangukia viatu vyangu. Nataka kuiondoa kamera usoni lakini mkono wangu umeshazoea, na sitasema ni mkono, ni mimi, mimi ndiye niliyetaka kuona mbali zaidi. Nazungusha tena. Barabara inakuja. Daraja la Nzoia linakuja na maji yake. Halafu, mwisho kabisa mwa lenzi, mahali inapofifia, naona rundo la kuni.

Nasema moyoni, acha hapo. Nazungusha.

Hatua sitini zinakunjwa kama mkeka. Jiko linakuja na moshi wake, kuni zinakuja, na Mama Felista anakuja akiwa amejikunyata vile vile, mpaka magoti yake yanagusa magoti yangu.

Natafuta majani ya kumpishia. Hakuna majani. Kuna sakafu ya saruji na katoni za chumvi ya ng'ombe. Nainamisha macho hadi kidevu kinanigusa kifua, lakini lenzi bado iko jichoni na lenzi haiinami. Naona vinyweleo vya mkono wake. Naona kovu. Naona mafuta ya kuku kwenye dole gumba.

"Mulembe, Mama," nasema.

"Mulembe, mkwe," anasema. "Umekuja karibu."

"Ni wewe umekuja, Mama."

Nilijisikia nikisema hivyo. Katika maisha yangu nimesema mambo ya kijinga, lakini hilo ningelipa nilifute. Hakujibu. Alikuwa na kitu mdomoni na ni mtu mwenye adabu.

Kuku anainua bawa. "Kuna jambo la mwisho kuhusu hii ya nafuu," anasema. "Lenzi ghali hufuta walio nyuma. Wanakuwa ukungu, unabaki na mtu wako. Hii haiwezi. Walio nyuma wataonekana wote."

Na wanaonekana wote. Duka limekuwa hema la wageni, na nyuma ya Mama Felista wamesimama watu wa kundi la familia, kila mmoja wazi kuliko kawaida, naona hadi vifungo vya mashati yao. Mjomba yuko mbele. Wanacheka bila sauti, na kila mmoja ana tone kubwa la buluu kwenye kila shavu, limeganda, kama vile vikatuni vya kwenye simu. Naliaka yuko pembeni na yeye hacheki. Ameshika gauni la Nafula kwenye kiango.

"Picha iliniponyoka," nawaambia.

Mlango mdogo wa kamera unafunguka, kadi ya kumbukumbu inatoka. Ni ndogo kama ukucha. Inajipangusa, inasimama juu ya meza, inasubiri watu watulie.

"Mimi ni kadi," inasema. "Sina maoni."

"Endelea," anasema kuku.

"Picha ya mia moja arobaini na mbili. Ilifunguliwa mara kumi na moja. Mara ya nne, mwenye kamera alicheka. Mara ya sita, ilikatwa pembeni, kuni zikatoka, akabaki mama peke yake. Mara ya tisa, mwenyewe alisema, 'Hii ndiyo kali kuliko zote.' Mama alikuwa kwenye kivuli na kilicho mkononi hakikueleweka. Mara ya kumi, iliongezwa mwanga. Mara ya kumi na moja, iliongezwa tena, mpaka firigisi ikaonekana."

Inarudi ndani ya kamera na kufunga mlango.

Matone ya buluu yanaanguka chini, moja moja, yanalia kama vifuniko vya soda. Hakuna anayecheka. Naliaka ananitazama jinsi anavyotazama chungu kilichovuja, akitafuta ufa uko wapi. Mikono yangu inaanza kutetemeka, na kwa kuwa lenzi yangu ni ya nafuu, hema linatetemeka, jiko linatetemeka, mjomba anashikilia kofia yake. Naona aibu. Si ile ya kukosea njia ya choo kwa watu. Ni ile inayokufanya utamani mwili wako ungekuwa wa mtu mwingine, ukauacha pale ukaondoka.

"Mara kumi na moja," anasema Mama Felista. Amemaliza kutafuna. "Mimi niliila mara moja."

Anawatazama wale wa nyuma yake, kisha ananigeukia.

"Kuku alikuwa wangu. Nilimlea tangu kifaranga, alikuwa analala chini ya kitanda wakati wa mvua. Miaka thelathini na mmoja nimepika firigisi za watu. Za mume wangu, akiwa hai. Za shemeji zangu, alipofariki. Za wageni. Siku ile walikuwa wanamchukua mtoto wangu wa mwisho, nikasema, leo nijue ladha yake, nijue nilikuwa nawapa nini."

"Na ilikuwaje, Mama?"

"Ngumu," anasema. "Unatafuna, unatafuna. Sijui wanaume huing'ang'ania nini."

Kuku anainamisha kichwa, kwa heshima au kwa uchungu, sikuweza kujua. Kokoto zinagonga mara moja na kunyamaza.

Kisha Mama Felista ananyoosha mkono na kuchukua lenzi. Hagusi ngozi yangu, anaichukua kwa ufundi kabisa, kama mtu anayetoa mwiko kwenye sufuria ya moto. Anaigeuza, anatazamia upande mpana, ule wa mbele. Ananiona kinyumenyume.

"Mkwe," anasema, "hivi wewe ni mdogo namna hii?"

Najitazama. Ni kweli. Nimekuwa mdogo, nimesimama mbali sana, na kati yetu ni uwanja mrefu wenye kamba ya nguo katikati. Naanza kwenda kwake. Nataka nifike pale kwenye kamba, mahali pangu pa siku zote, niombe radhi kama watu. Natembea. Natembea muda wa kutosha kufika Kimilili. Kamba iko pale pale, mbali vile vile.

"Umebakisha sitini," kuku ananiambia. Anatembea kando yangu bila kuhema. "Zile ulizolipa."

"Sijalipa. Nilikuwa najaribu."

"Ulilipa wiki tatu zilizopita, ndani ya hema."

"Basi nirudishieni. Chukueni lenzi."

"Hatupokei kilichotumika," anasema. "Labda urudishe ulichochukua."

"Nilichukua picha. Nimeshaifuta."

"Si picha." Anavua miwani, anaifutia bawani. "Alikuwa peke yake. Sherehe nzima, watu mia mbili, alipata dakika nne nyuma ya jikoni ambazo hakuna mtu aliyekuwa anazihitaji. Hizo ndizo ulizochukua. Una nyingine za kumpa?"

Napapasa mifuko. Nina funguo za duka, kipande cha chaki, na risiti ya dawa ya kupe. Namwonyesha. Anatikisa kichwa kwa upole, na upole wake ndio ulionimaliza. Nikaketi chini nikalia, mtu mzima, mbele ya kuku niliyemla.

Ndipo nikasikia sauti ya Mama Felista, si ya mbali, kana kwamba yuko mlangoni kwake asubuhi ya kawaida.

"Mkwe, usilie hapo, utalowesha nguo zangu."

Ninainua uso. Niko chini ya kamba ya nguo. Leso zake zinanidondokea maji mabegani. Yeye yuko mlangoni, nami nainamisha macho yangu, na safari hii hakuna kilicho jichoni.

"Huna haja ya kuja karibu," anasema. "Hapo ulipo nakusikia vizuri. Miaka tisa nakusikia. Useme, lakini useme yote, na hao pia wasikie."

Wale wa kundi wamepanga foleni kando ya ua. Naliaka ameliweka gauni begani.

"Na hii," anasema Mama Felista, akiinua lenzi ya Injendi, kwa maana sasa ilikuwa ya Injendi, "naiwekea alama, usije ukasema tena imekuponyoka."

Anaweka dole gumba katikati ya kioo, anakandamiza. Kuku anaguna kwa kuridhika. Nafungua mdomo niseme.

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha na jua lilikuwa tayari ukutani. Naliaka alikuwa upande wa pili wa chumba anapiga pasi gauni la Nafula, mgongo kwangu, kama alivyonipa mgongo asubuhi zote za wiki hizi tatu. Nilikaa kitandani nikijiambia kwamba ndoto ni ndoto, kwamba jana nilikula ugali na mboga nikalala mapema, kwamba mtu akishinda jioni nzima anatazama lenzi kwenye simu lazima aziote. Nikavuta kiti, nikashusha lenzi ya Injendi juu ya kabati. Ilikuwa na vumbi. Mfuniko ulikuwa umekaza. Nikaufungua.

Katikati ya kioo palikuwa na alama ya dole gumba. Ya mafuta, mbichi, bado inang'aa. Nikaisogeza puani, inanuka kuku wa kukaanga. Na katika ile alama kulikuwa na mstari mmoja mtupu, usioshika mafuta, umekatiza kwa mshazari kutoka juu hadi chini.

Nikaiweka lenzi kitandani.

"Naliaka," nikasema. "Mama yako alikuja hapa?"

"Mama hatoki hata kwenda kisimani," alisema bila kugeuka. "Wewe unajua kwa nini."

"Njoo uone hiki."

Aliweka pasi wima, akaja. Akainama. Akainusa lenzi, kisha akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Ni lake," nikasema. "Angalia kovu."

Akaiweka chini taratibu. Alinitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya mahari.

"Hilo alikatwa na panga kabla sijazaliwa," akasema. "Huficha mkono hata kanisani. Mimi mwenyewe nililiona nikiwa msichana mkubwa. Wewe, Makokha, umelijuaje?"

Pasi ilikuwa inapiga mvuke peke yake kule mezani. Nikamwomba akaizime, halafu aketi. Alipoketi, nikaanza kumweleza, kuanzia pale nilipoiongezea ile picha mwanga.